Kadi za Watu Waliokaa Kimya

Nyinyi vijana wetu mlioajiriwa majuzi katika ofisi za wahisani za vyuo vya hapa Washington na vitongoji vyake, mmeniganda tangu siku ya sherehe yangu ya kustaafu: Mama Mwakio, tuandikie mambo ya kazi. Haya, naandika. Habari za vyeo sitazigusa, maana nilipandishwa mara mbili tu, na mara zote mbili nikahamishiwa meza iliyo mbali zaidi na dirisha. Mshahara nao mnaujua, ndio huo huo mnaolalamikia. Nitawaeleza kazi yenyewe, na zaidi ya yote mwaka mmoja ambao sijaumaliza kuufikiria mpaka leo.

Kwa asiyeijua kazi hii: chuo cha Marekani humwandikia mtu aliyesoma pale mpaka siku ya kufa kwake, na mara nyingine hata baada ya hapo, kama ofisi haijapata habari. Humwomba mchango wa maktaba, wa maabara, wa viwanja vya michezo. Akitoa, hushukuriwa kwa barua kabla siku mbili hazijapita. Asipotoa, hilo tutalifikia.

Niliingia mwaka wa tisini na mbili, nikitoka kwenye kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Kwetu Wundanyi nilikuwa karani wa shule ya sekondari, kwa hiyo mafaili na droo nilikuwa nimezoeana nayo. Chuo chenyewe sitakitaja. Mkuu wetu alikuwa Bwana Pruitt, mtu mrefu na mpole, aliyevaa tai ya rangi za chuo kila siku ya Mungu, hata tulipokwenda pikniki. Siku ya kwanza aliniuliza natoka wapi, nikasema Kenya. Akafurahi kweli kweli. Kumbe ni mkimbiaji, akasema, basi utakaa upande wa michezo. Nikamweleza kwamba mimi ni Mtaita, kwetu ni milimani na tunatembea polepole ili tufike. Alicheka, kisha akanipeleka upande wa michezo hivyo hivyo. Ndivyo nilivyogeuka mtaalamu wa riadha bila kukimbia hata hatua moja.

Kompyuta zilikuwepo, zile za maandishi ya kijani, lakini Bwana Pruitt hakuziamini. Kila mhisani alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu: jina, anwani, mwaka aliomaliza, mchezo aliocheza, na nyuma yake nafasi ya kuandika lolote tulilolisikia kwake. Kazi niliyopewa asubuhi ile ilikuwa kuchambua droo. Mtu asiyetoa kitu kwa miaka miwili mfululizo, kadi yake ilitolewa, ikabandikwa alama ya manjano, ikatiwa kwenye sanduku lililoandikwa “Kimya”, na sanduku likateremshwa chini ya jengo, kwenye chumba cha boila, ule mtambo wa kupasha jengo joto. Tangu hapo mtu huyo hakuandikiwa tena. Sababu ilikuwa stempu. Kwa nini umtumie barua mtu asiyejibu?

Nilikuwa na mkono mwepesi. Ilipofika saa nane mchana nilikuwa nimemaliza droo ambazo karani aliyenitangulia alizimaliza kwa wiki nzima, na Bwana Pruitt akawaita wenzake waje waone. Kila Julai baada ya hapo kazi hiyo ikawa yangu. Sitaficha, niliipenda. Droo iliyochambuliwa huteleza vizuri.

Mwalimu wangu hasa hakuwa Bwana Pruitt, alikuwa Bi. Zuhura, Mzanzibari wa mtaa wa Ng'ambo, aliyesimamia chumba cha barua kwenye ghorofa ya chini. Nilimgundua wiki ya pili, nilipomsikia akimsuta mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha kwao nikasimama mlangoni kama niliyeitwa. Alikuwa amefanya kazi pale miaka mingi, na mkono wake ulikuwa na elimu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alikuwa akishika bahasha, anaibonyeza kidogo kwa kidole gumba.

“Hii tupu,” alikuwa akisema. “Hii ina kitu. Na hii, bibi we, ina matusi, kaa kitako kabla hujaifungua.”

Nilimuuliza anajuaje. Alinieleza kwamba mtu mwenye hasira hukandamiza kalamu, na karatasi hubaki na mabonde. Alinifundisha kuikata bahasha pande tatu ili kisibaki kitu ndani, kutoitupa kabla sijatazama anwani ya mtumaji, maana watu huhama bila kuaga, na kusoma maneno yanayoandikwa pembeni mwa fomu. “Hayo ya pembeni ndiyo barua,” alisema. “Hayo mengine ni fomu tu.” Mimi nikawa nayanakili nyuma ya kadi, kila neno. Naomba mfanye vivyo hivyo, hata kama siku hizi kadi zenyewe ziko ndani ya mashine.

Basi, miaka ikaenda. Kufikia tisini na sita au saba, michango ya michezo ilikuwa ikipungua kila mwaka, na kila Jumatatu tulikaa mkutano kujadili kwa nini. Mikutano hiyo niliipenda kuliko sinema. Mmoja alisema ni kwa sababu timu ya mpira wa Kimarekani inafungwa. Mwingine akasema ni televisheni, watu wanatazama timu kubwa wakiwa wamejinyoosha nyumbani. Mwingine akasema maegesho ya magari ni mabaya. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeamini kabisa kwamba watu waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia hawana shukrani, na yeye mwenyewe alizaliwa baada ya vita. Mimi nilisikiliza, nikijiuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: je, kuna mtu aliyewauliza wenyewe?

Mwaka ule wa tisini na saba, majani yakianza kudondoka, Kocha Lenore alikuja ofisini kwetu. Alikuwa kocha wa mbio, mwanamke Mmarekani mweusi wa miaka sitini na kitu, mwembamba, saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni hata siku ambayo hakuna anayekimbia. Hakukaa. Alisema bodi ya chuo inataka kupunguza timu, na yake ndiyo ya kwanza kwenye orodha, kwa sababu haina watu nyuma yake. Itakutana mwezi wa tatu. Kama wahitimu wanaoiunga mkono timu ya mbio hawajaongezeka mpaka hapo, timu itafungwa mwisho wa mwaka wa masomo, na wale vijana wake zaidi ya ishirini watafute chuo kingine au waache kukimbia.

“Nionyeshe watu wangu,” aliniambia.

Nikamvutia droo. Zilikuwa kadi chache, ungeweza kuzishika zote kwa mkono mmoja. Alizipitia moja moja, kisha akazipitia tena kana kwamba nyingine zimegandana.

“Nimefundisha hapa tangu nikiwa msichana,” alisema. “Nimewafundisha mamia. Wako wapi?”

“Hawatoi tena, Kocha.”

“Sikukuuliza kama wanatoa. Nimeuliza wako wapi.”

Mtauliza kwa nini hakuwaandikia mwenyewe. Hakuruhusiwa. Kanuni ilisema makocha wasiwatafute wahitimu, kila kitu kipitie kwetu, ili mtu asiombwe mara mbili. Ilikuwa kanuni yenye akili ukiisoma. Nilimwahidi nitatazama, na alipotoka nilibaki na swali lake kama mbegu ya ndizi-mwitu kwenye jino.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwezi wa kwanza kulikuwa na chakula cha mchana cha wanamichezo wa zamani, kwenye hoteli moja Springfield, Virginia. Kazi yangu ilikuwa beji za majina pamoja na karatasi moja ya Bwana Pruitt, yenye majina ya waliotoa mwaka ule na kiasi cha kila mmoja, ili yeye ajue akae karibu na nani. Saa sita ikafika, supu ikaliwa, Bwana Pruitt hayupo. Alikuwa amekwama pale barabara kuu zinapokutana, na anayeishi huku anajua kwamba ukikwama pale unaweza kusoma kitabu. Kocha Lenore akanisogelea akaninong'oneza: “Grace, watu wanaanza kuangalia saa. Soma wewe shukrani.”

Nikapanda jukwaani na ile karatasi. Jamani, nani aliyewahi kunifundisha kusoma shukrani kwa njia nyingine? Kwetu mchango usiosomwa hadharani ni kama haujatolewa. Harambee ya zahanati, ya karo, ya paa la kanisa, mtu husimama na kipaza sauti akasoma jina na kiasi, na kila jina lina makofi yake. Tena anayetoa kidogo kwa moyo ndiye anayeshangiliwa zaidi, ili wenye mali waone haya wainuke tena. Mimi nilikuwa nimesoma michango hivyo tangu nina miaka ishirini, na nilisifiwa kwa sauti.

Nilianza juu. Fulani, dola mia tano! Makofi hafifu. Fulani, dola mia moja! Makofi yakapungua. Nikadhani watu wana njaa, nikaongeza sauti. Niliona vijiko vimesimama hewani. Kocha Lenore alikuwa akinitazama kwa macho niliyoyafasiri kuwa ya kunitia moyo. Nikafika mwisho wa karatasi, mahali ambapo msomaji mzuri huonyesha ufundi wake.

“Na sasa Bwana Odell Rankin! Dola tano! Miaka minne mfululizo, hajakosa! Simameni tumpigie makofi!”

Wachache walisimama nusu. Kule nyuma mzee mmoja mwenye koti la kijivu alikunja kitambaa chake cha mezani, akakiweka kando ya sahani iliyojaa chakula, akachukua kofia. Kwa muda nilidhani anakuja mbele kusema asante. Alitoka mlangoni, na mlango ule ulikuwa mzito, ulijifunga polepole mno.

Bwana Pruitt hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alinikalisha akaniambia, “Grace, katika nchi hii mtu atakusimulia talaka yake ndani ya lifti, lakini alichotoa ni siri yake na Mungu na sisi.” Akasema wawili wamekwisha kupiga simu wakitaka niondolewe kazini, naye amewajibu atafikiria. Wakati huo huo niandike barua za kuomba radhi, kwa kila mtu aliyetajwa. Niliziandika siku mbili. Barua ya Bwana Rankin niliiandika mara sita, ikakataa.

Nikaipeleka chini kwa Bi. Zuhura aibonyeze, nusu kwa mzaha. Hakucheka.

“Umemfedhehesha mtu mzima mbele za watu, kisha umtumie stempu? Nenda kwake.”

“Hapa mtu haendi nyumbani kwa mhisani, Bi. Zuhura. Kuna kanuni.”

“Na ile ya kusoma majina haikuwa na kanuni? Nenda, mwenzangu. Wala usende mikono mitupu.”

Jumamosi nikatoka kwangu Takoma Park, nikapanda treni, nikabadili basi, nikafika Bladensburg kabla ya saa tano. Nilibeba kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, kama ambavyo ningefanya Wundanyi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali mekundu, si mbali na mto, ngazi zimefagiliwa theluji vizuri kuliko za jirani zake. Alifungua mlango, akanitambua, akatazama mfuko.

“Nini hicho?”

“Sukari. Nimekuja kuomba radhi.”

“Mama, nina kisukari.”

Nikasema, “Basi majani ni yako, sukari nitarudi nayo.” Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango, akaniambia niingie, baridi inaingia bure.

Alikuwa fundi wa lifti, amestaafu. Ujana wake alikimbia mita mia nne na mbio za kupokezana vijiti katika chuo chetu. Alichemsha yale majani, tukanywa bila sukari wote wawili, kwa adabu. Nilimweleza desturi ya kwetu, kwamba nilikuwa namheshimu. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Hukuniumiza kwa kusema ni tano,” alisema. “Uliniumiza kwa kuwaambia watu mimi ni mtu mwema, wanipigie makofi. Mimi sitoi mchango. Mimi nanunua.”

“Unanunua nini?”

Aliinuka, akavuta droo ya jikoni, akatoa rundo la makaratasi. Yalikuwa majarida yetu, lile jarida la kurasa nne tulilotuma kila majira, na yote yamekunjwa kwenye ukurasa wa nyuma, kwenye matokeo ya mbio, yale maandishi madogo ambayo ofisini tuliyaita kijazio.

“Kuna wakati sikuwa na kazi,” akasema. “Miaka miwili sikutuma kitu. Hii karatasi ikakoma. Nikapiga simu, msichana akaniambia jina langu limehamishwa. Nikamuuliza limehamishiwa wapi, hakujua. Tangu hapo natuma tano kila mwaka, ili nijue vijana wa Lenore wamekimbiaje. Ni rahisi kuliko gazeti.”

“Na wenzako uliokimbia nao?”

“Wale watatu? Wao hawakupiga simu. Wana kiburi kuliko mimi.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ile ya mikutano, televisheni, maegesho, watu wasio na shukrani, na kila Julai mimi na mkono wangu mwepesi. Tulipunguza orodha kwa sababu michango imepungua, na michango ikapungua kwa sababu tumepunguza orodha, na mwaka uliofuata tukapunguza tena. Lakini sikumwambia ni mkono wa nani uliolihamisha jina lake. Nikaomba maji ya kunywa, na nilipotoka nikasahau sukari mezani.

Jumatatu saa ya chakula nilimwomba Bi. Zuhura tushuke pamoja kwenye chumba cha boila. Masanduku yalikuwa pale, yamepangwa mpaka kwenye bomba, baadhi yameloa chini yakaota ukungu. Tulifungua la kwanza, la pili, la tatu. Mwandiko nyuma ya kadi ulikuwa wangu.

“Mama Mwakio,” alisema Bi. Zuhura taratibu, “hawa wote umewazika wewe?”

“Mimi na stempu.”

“Stempu haina mikono.”

Tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa tukitafuta watu wa Kocha. Alikuwa amesema kweli, walikuwa mamia. Bi. Zuhura alisoma kwa sauti yale maneno ya pembeni niliyoyanakili bila kuyatia akilini. Anauliza kama Kocha Lenore bado yupo. Amehamia kwa binti yake, angependa kujua ratiba. Amefanyiwa upasuaji, atatuma baadaye. Anauliza nani sasa ana rekodi ya mita mia nane. Watu walikuwa wanazungumza nasi, jamani, na sisi tuliwaita kimya.

Nilimpelekea Bwana Pruitt sanduku moja, nikaliweka juu ya meza yake na vumbi lake. Nilikuwa bado mtu wa kufikiriwa kama afukuzwe, kwa hiyo sikuwa na mengi ya kupoteza.

“Hatuwaandikii hawa,” alisema, “kwa sababu hawatoi.”

“Hawatoi kwa sababu hatuwaandikii.”

Alichukua kadi moja, akaisoma nyuma. Akachukua nyingine. Alikuwa mtu mwaminifu, hilo nitalisema popote. Alivua miwani akasema hana fungu la stempu za watu waliotolewa, na akiomba fungu hilo leo atajibiwa mwezi wa sita. Nikamuuliza: na kama stempu zikipatikana? “Niletee barua niisome,” akasema. Habari ya kunifukuza hakuigusa tena, wala sikumkumbusha.

Basi nikafanya ninachokijua. Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili pale Takoma Park, niliomba dakika tano. Muthoni, nesi, Mkikuyu asiyependa kuzungushwa, alisimama kabla sijamaliza.

“Ngoja kwanza, Mama Mwakio. Hiyo university iko na pesa kutushinda sisi wote hapa, na ni sisi tuta-buy stamps?”

“Ndiyo.”

“Na wakikosa kutu-thank?”

“Kuwashukuru watu ndiyo kazi yangu. Nitawashukuru mimi.”

“Hii Amerika ni kali,” akasema, akafungua mkoba. Baba Espoir, Mkongomani aliyekuwa akipiga gita kanisani, akainua mkono akaahidi mabunda mawili ya stempu: “Miye nitaleta timbre, Mama, rouleau mbili.” Bi. Zuhura alikuja na sambusa pamoja na mashoga zake wawili wa Unguja, na wao wakatoa. Nilisoma kila jina na kila kiasi kwa sauti yangu yote, na safari hii watu walipiga makofi inavyotakiwa. Mpaka leo huwa nacheka peke yangu nikifikiri kwamba manesi na walezi wa wazee kutoka Nyeri na Bukavu na Unguja walikichangia chuo cha Marekani stempu.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Kocha aliiandika, mimi nikaipunguza, Bwana Pruitt akafuta sentensi moja kisha akatia sahihi. Ilisema Kocha bado yupo, ikaorodhesha matokeo ya vijana msimu ule, ikataja siku ya mwezi wa nne ambapo kutakuwa na mashindano uwanjani kwetu, mtu akitaka aje. Hatukutia fomu wala bahasha ya kurudishia. Hatukuomba kitu. Tulizituma wiki ya mwisho ya mwezi wa pili.

Tulichelewa. Bodi ilikaa wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu, ikatazama orodha kama ilivyokuwa siku hiyo, na ilikuwa bado ile ya kushikwa kwa mkono mmoja. Kocha Lenore alinipigia simu mwenyewe. “Wamefunga,” alisema. Nikasikia mlio wa ile saa yake, akiiwasha na kuizima. Kisha akauliza kama kuna barua zozote za majibu zilizokuja. Nilimwambia zimeanza asubuhi hiyo, mfuko mmoja, na Bi. Zuhura anasema zina kitu. “Basi zilete,” akasema. “Nitazisoma hata hivyo.” Nilimpelekea, nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Mtasikia kutoka kwa wengine kwamba kanuni ya miaka miwili iliondolewa baadaye na kwamba masanduku yalipandishwa juu yote. Ni kweli, na ilichukua mikutano mingi kuliko ilivyostahili. Msinipe sifa kwa hilo. Mtu aliyeziba mlango kwa miaka mitano hapongezwi kwa kuufungua. Ninalotaka mlijue ni la ile siku ya mwezi wa nne.

Mashindano yale yalikuwa ya mwisho kwa timu ya mbio, na yalipangwa kwisha saa kumi. Niliwekewa meza kwenye geti la uwanja, na kadi zangu na beji. Nilitarajia watu kumi, kumi na tano. Saa saba na nusu tayari walikuwa wamepanga mstari hadi barabarani. Wazee wenye kofia za zamani za timu, wanawake na wajukuu wao, mmoja ameletwa kwenye kiti cha magurudumu na mwanawe kutoka mbali. Bwana Rankin alikuja na wawili kati ya wale wenzake watatu wa kijiti, akanisalimia kwa kuinua kofia. Kocha Lenore alikuwa upande wa pili, na kila alipotaka kuwaelekeza vijana wake jambo, mtu mwingine alimshika bega. Wengi walikuwa wameelezwa habari ya bodi na wenzao waliotangulia kufika. Wengine walikuwa hawajui.

Ilipokaribia saa tisa alifika mwanamke mmoja peke yake, koti la mvua la bluu, akitembelea fimbo. Alinitajia jina, nikaitafuta kadi yake nikaitoa ili niandike beji. Aliona ile alama ya manjano kwenye pembe.

“Rangi hii ni ya nini?”

Ningeweza kusema ni mambo ya faili. Nilikuwa nimemnyamazia Bwana Rankin, na sikutaka kunyamaza tena.

“Ni mimi niliyekutoa,” nikamwambia. “Miaka miwili hukutuma kitu. Nikaitoa kadi yako kwenye droo, na tangu hapo hukuandikiwa.”

Hakuonekana kukasirika, bali kama mtu anayehesabu miaka.

“Nilikuwa nauguza huu mguu,” alisema. “Barua zikakoma. Nikadhani timu mmekwisha kuifunga, ndiyo maana sikutuma tena. Ningemtumia nani?” Akatazama uwanjani, ambapo vijana walikuwa wakipasha misuli kwenye njia zao, akatabasamu. “Kumbe bado ipo.”

“Mpaka saa kumi,” nikamwambia.

Alinitazama usoni mpaka akaelewa. Kisha akaichukua beji bila kuivaa, akaenda kwenye uzio haraka kadiri mguu wake ulivyomruhusu.